Mfano wa Neno "Break"

Mzee aliyetuongoza kuandika kamusi ya Kiingereza na Kiswahili alikuwa na sheria moja asiyoilegeza: kila mfano wa matumizi lazima uwe umetoka kinywani mwa mtu aliye hai. Kutunga ni marufuku. Niliisifia sheria hiyo nyumbani mpaka mume wangu, fundi saa, akaikariri.

Neno la Kiingereza "break" alipewa shoga yangu, tuliyempachika jina la Koma kwa kupenda kwake alama za uandishi. Neno hilo lina ukoo mzima: kikombe kuvunjika, kupambazuka, mapumziko ya chai, sauti ya mvulana kuwa nzito, gari kuharibika njiani, hata "breakfast", yaani kifungua kinywa, ni mjukuu wake. Nilimhurumia, nikawa namchemshia chai na kumpigisha soga asichoke. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kamusi ilipotoka kiwandani, niliufungua ukurasa wake kwa bashasha. Kwenye maana ya kuvunja uchumba nikasoma: "Alivunja uchumba na mpiga picha, akaolewa na fundi saa, lakini moyo haukuhama."

Nikamfuata mezani kwake na ukurasa mkononi.

"Koma, hii si siri yangu?"

"Jina sijaweka, dada."

"Na nusu ya pili? Nilikwambia moyo haukuhama mwaka ule wa kwanza tu, na leo simbadilishi mume wangu kwa yeyote. Iko wapi?"

"Mfano mrefu unachosha," akasema, akaendelea kunywa chai niliyomchemshia mimi.

Nilitamani kummwagia. Lakini Mzee alikuwa ameshapeleka nakala ya shukrani nyumbani kwa kila mwandishi, nikakimbilia nyumbani.

Nilimkuta mume wangu kwenye meza yake ya kazi, lenzi ikiwa bado jichoni, kamusi iko wazi mbele yake. Habari za mpiga picha sikuwahi kumgusia. Saa ya mteja ilikuwa imefunuliwa mgongo, kazi ameiacha.

"Kumbe nilioa mwili mtupu," akasema.

Nikamweleza yote huku machozi yakinitoka. Ile nusu ya pili niliisema neno kwa neno, kama nilivyomwambia yule msaliti.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaitoa lenzi, akanitazama.

"Uliniambia mwenyewe humu kamusini hamna la kutunga," akasema. "Sasa hili tamu la leo, mke wangu, mbona halimo?"