Kabla Betri Haijakata

Mafuriko yalishavuka kizingiti cha ofisi ya wakulima wa mpunga, Ahero. Umeme ulikuwa umekatika. Kompyuta ya mezani iliishi kwa betri ya akiba. Karani Celestine alikuwa akinakili data ya wakulima wote kwenye flashi, lakini kwa mazoea yake ya kuokoa bando la intaneti, aliiamuru programu iibane data hadi iwe ndogo kabisa, jambo linalokula muda. Kazi ikatambaa kama kobe.

“Madam, tutoke!” mlinzi Oluoch alifoka, maji magotini.

“Nyamaza!” Celestine akaikatiza kazi ile, akaanza upya, safari hii data ibanwe kidogo tu ili iende haraka. Je, ingeenea kwenye flashi? Ikaenea. Alipochomoa flashi, kompyuta ikazimika.

Walivuka maji ya shingo hadi barabarani.

“Umeiokoa?” Oluoch aliuliza.

Celestine alifungua mdomo. Flashi ilikuwa juu ya ulimi.