Pampu ya Akiba

Mureithi aliuza pampu ya akiba ya kisima cha mtaa wetu, akajiona mjanja. Alikuwa mwenyekiti wa maji hapa Kitengela, na kila mkutano watu walimlilia apunguze ada. Pampu moja ilikuwa kisimani ikifanya kazi, ya pili ilikaa stoo ikingoja siku ya shida.

"Hiyo ya stoo inakula service bure tu," alituambia.

Mwenye shamba la maua akainunua, ada ikashuka, tukampigia Mureithi makofi mpaka akajifanya anaona haya.

Pampu ya kisimani ikaungua Jumamosi asubuhi, siku ya ruracio, sherehe ya mahari ya bintiye Kui. Wakwe, Wamaasai wa upande wa Kajiado, walikuwa njiani kuleta mahari. Mbuzi ameshachinjwa, sufuria zimepangwa, mfereji unakohoa hewa. Mtaa mzima ulikuwa umeshawapigia simu wenye maboza ya maji, na hakuna lililobaki. Mureithi alizunguka uani na suti yake akimwambia kila mtu, "Ni stima tu imepotea," na taa ya jikoni inawaka nyuma yake. Mtu mzima!

"Usiwaambie wakwe," alimwonya mkewe, Waithera.

"Nishawaambia. Ulitaka nipike mchele na mate?"

Mureithi aliketi kwenye kreti ya soda. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Wakwe walifika wakiimba. Pickup ya mbele, iliyotarajiwa kubeba mablanketi ya mahari, ilibeba tangi la maji, na akina mama wakashuka na mitungi mgongoni. Meitamei, babake bwana harusi Gideon, alisalimia, "Sopa," kisha akauliza tangi liwekwe wapi, kana kwamba kila mkwe huja na tangi. Majirani tulikuwa tumeshatoka na ndoo.

"Hapana! Haya ni ya wageni!" Mureithi alifoka.

"Wacha wateke, mzee," Meitamei alisema. "Hata hawa si ni watu wako?"

Hakuna aliyemcheka. Afadhali tungemcheka. Tuliteka, kila mmoja akimpita bila kumtazama, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Chakula kikawa tayari. Kwetu mwenye nyumba ndiye huwanawisha wageni, kwa hiyo Mureithi akachukua jagi na beseni, akamwendea Tabitha, mamake bwana harusi. Akamimina kando ya beseni, maji yakamwagika chini. Tabitha akasimama, akampokonya jagi taratibu.

"Mama Gideon, hii ni kazi yangu," Mureithi alisema kwa sauti ndogo.

"Najua, Baba Kui. Leo nikusaidie. Lete mikono."

Mureithi akainyoosha mbele ya ukoo wake na sisi majirani sote. Maji yalikuwa ya baridi na safi. Alinawa ameinamisha kichwa, na Tabitha alipomaliza kumwagia, bado alikuwa ameinyoosha mikono, hajui aende nayo wapi.