Okidi ya Mshonaji

Mshonaji alikuwa na majivuno, na hakuna haja ya kumfichia. Miaka thelathini na mitano alishona sare za wauguzi, magauni ya maharusi na suti za wanaume waliodhani wamekonda, na mshono wake haukuwahi kurudishwa. Mgongo ulipomkatalia cherehani, majivuno yote aliyahamishia kwenye maua ya okidi. Zile zinazoning'inia juu ya miti hakuzitaka, aliziita wapangaji. Yeye alipenda zile za ardhini, zenye kiazi chao chini, zinazojitegemea.

Nyuma ya nyumba yake alipanga ndoo kumi na moja. Nusu ya mwaka ndoo hizo zilionyesha udongo mtupu, kwa kuwa okidi ya ardhini hukauka juu ikalala chini, na majirani walimtania kwamba anafuga vumbi. Wakacheka wee, mpaka wakachoka. Okidi tatu za kwanza aliziua mwenyewe kwa mapenzi: alizipa samadi na maji kila asubuhi, zikaoza. Baada ya hapo alishika adabu. Akawa anazipa udongo wa kule kule zilikotoka, wenye ukungu wake unaozilisha, na zikilala haziamshi.

Aliyoipenda kuliko zote aliiokota kwenye mteremko ulio nyuma ya tangi la maji, siku greda lilipoikwangua pembeni. Nyingine kama arobaini zilikuwa bado zimesimama katikati ya mteremko. Sasa manispaa ilitaka kupitisha bomba papo hapo, na uchimbaji ungeanza Jumatatu. Mhandisi alikuwa mtu muungwana. Alisema watu wa bustani ya mimea wakiandika kwamba ua hilo ni adimu, atalizungusha bomba lipite kando. Wakisema ni la kawaida, atachimba.

Binti yake mshonaji alikuwa akifanya kazi huko huko bustanini, kwenye chumba cha mimea mikavu. Alibana mimea kati ya magazeti mpaka ikauke, kisha akaishonea kwenye karatasi ngumu kwa uzi na sindano, kazi ambayo hakuna aliyehitaji kumfundisha. Alikata shina moja lenye maua sita kwenye ndoo ya mama yake, akalikausha, akampelekea mkuu wake alitambue. Alhamisi alasiri akaja na jibu.

"Mama, Bwana Lenzi anasema ni ile ya kawaida ya mabondeni."

"Ya kawaida?"

"Ameitazama vizuri. Kibandiko chenye jina lake kimeshawekwa."

"Yeye ameitazama kwa dakika ngapi? Mimi nimekaa nayo miaka miwili."

"Mama, yule ni mkuu wangu."

"Na mimi ni mama yako. Kesho tunakwenda wote."

Bwana Lenzi aliitwa hivyo kwa sababu ya lenzi ndogo aliyoivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Chumba chake kilinuka dawa ya wadudu, na makabati ya chuma yalipanda mpaka darini. Ijumaa asubuhi alimwona mama wa makamo akiingia na ndoo iliyofunikwa kitambaa, nyuma yake msaidizi wake mwenyewe akiwa ameinamisha kichwa, akaelewa kwamba chai yake itapoa.

"Karibu, mama. Binti yako hajakupa jibu?"

"Amenipa. Nimekuja kuiona hiyo karatasi."

Akaonyeshwa. Aliinama akaikagua kama nguo iliyoshonwa na fundi mwingine, mwenye bei ya juu kuliko yake. Hakugusa kitu. Akafuata shina kwa macho, ua kwa ua, kisha akainuka.

"Nani ameligeuza ua langu?"

Bwana Lenzi akatabasamu kwa subira. Akaeleza kwamba okidi ina petali moja kubwa kuliko nyingine, inaitwa mdomo. Ua likiwa bado chipukizi, mdomo huwa juu. Likikaribia kufunguka, kikonyo chake kinajisokota nusu mzunguko na mdomo unashuka chini. "Hakuna aliyeligeuza, mama. Yanajigeuza yenyewe. Karibu yote yako hivyo."

"Karibu," alisema mshonaji, akalidaka neno hilo hapo hapo. "Hebu tazama hiki kikonyo. Uzi uliosokotwa unasokotwa urefu wote. Hapa pamekunjwa mahali pamoja tu. Huu ni mkunjo wa vidole, bwana. Mikunjo ya vidole naijua mimi."

Bwana Lenzi akaivaa lenzi jichoni. Binti akasema kabla hajaulizwa.

"Ni mimi. Nilipofungua gazeti, maua yote sita yalikuwa mdomo juu. Nikadhani yamepinduka kwenye mfuko njiani. Nikayaweka sawa moja moja, yakae kama okidi nyingine."

Mshonaji alitaka kuwaka, akashindwa. Angeweza kabisa kunyamaza huyu mtoto. Angeweza kulisingizia gazeti, au joto, au mfuko, na pale chumbani asingekuwepo wa kumbishia. Amesema mwenyewe, mbele ya mkuu wake. Kifua kilimjaa fahari mpaka akalazimika kutazama pembeni.

Akafunua ndoo. Okidi ilikuwa imechanua, midomo yote ikitazama dari, na nyuma ya kila ua kikonyo kimenyooka kama sindano.

Bwana Lenzi akapiga magoti sakafuni bila kuyafikiria magoti yake. Alipita ua la kwanza, la pili, mpaka la mwisho, akarudia tena. Akaenda kwenye kabati la pembeni kabisa, akavuta droo iliyokuwa imekwama, akatoa karatasi ya zamani yenye okidi kavu, iliyogeuka rangi ya chai. Ilikuwa moja tu, imekusanywa zaidi ya miaka arobaini nyuma. Akaiweka kando ya ndoo. Vikonyo vilikuwa vimenyooka vile vile.

"Tulidhani aina hii imekwisha," alisema taratibu. Kisha akachukua simu, akampigia mhandisi. "Lizungushe bomba. Ndiyo. Barua unaipata leo, kabla ya saa sita."

Mshonaji alisubiri simu ikatwe. "Basi kibandue kile kibandiko chako."

"Hatubandui, mama. Huku kwetu kosa linabaki kwenye karatasi. Jibu sahihi linabandikwa juu yake, na jina la aliyetambua." Binti alikuwa ameshashika kalamu kuandika jina la mkuu wake, lakini Bwana Lenzi akatikisa kichwa. "Si mimi niliyetambua. Andika la mama yako. Na kazi yake: mshonaji."

Binti akaandika. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Na hii ya kugeuza maua?"

"Iandike. Atakayekuja baada yetu asipotee."

Akaandika hiyo nayo, pale kwenye nafasi ya aliyekausha, akatia jina lake kamili chini yake. Mshonaji akapewa karatasi aisome. Jina lake mwenyewe alilipita haraka, kama la mtu mwingine. Akafika kwenye mstari wa binti yake, akasimama hapo, akausoma kwa sauti mpaka wafanyakazi wa chumba cha pili wakachungulia: "Maua yaligeuzwa nami kwa makosa wakati wa kukausha."

"Huyu," akamwambia Bwana Lenzi, "huyu ni wangu."