Nani Anaigeuza Mashine?

Mshonaji hakuwa amemaliza hata kola ya kwanza asubuhi ile alipohisi joto linampanda tena, kifuani, shingoni, hadi masikioni. Akaacha sindano ndani ya kitambaa, akatupa jicho kwa baba mkwe wake. Mzee alikuwa kitini, blanketi hadi kidevuni, soksi jozi mbili, macho kayafumba. Basi akanyata, akaichukua rimoti mezani, akabonyeza. Mashine iliyokuwa ukutani ikanyamaza kidogo, kisha ikaanza kupuliza baridi.

Baada ya dakika kumi jasho likamkauka, sasa yeye ndiye anayetetemeka. Mzee akakohoa. Mshonaji akairudisha mashine kwenye joto.

Ndivyo walivyoishi tangu msimu wa baridi uanze. Mumewe ndiye aliyeileta hiyo pampu ya joto, akaisifia mpaka majirani wakachoka: mashine hiyo hiyo, kukiwa na baridi inalivuta joto la nje na kuliingiza ndani, kukiwa na joto inalitoa ndani na kulitupa nje. "Moto hakuna, moshi hakuna!" Kisha huyoo kazini, mpaka jioni. Asilolijua ni kwamba mkewe, akiwa na miaka hamsini na mmoja, alikuwa ameacha kuona siku zake, na mwili umeanza kufuata majira yake wenyewe. Hata mume hakuambiwa. Baba mkwe angeambiwa vipi? Afadhali ardhi ipasuke.

Kwa hiyo alihangaika. Alishona mistari miwili, akainuka. Akaenda jikoni, akatia mikono chini ya bomba, akarudi. Akatoka uani, akasimama mbele ya lile sanduku la nje lenye feni, linalopuliza baridi wakati nyumba inapashwa joto, akajipepea na upande wa gauni. Akarudi tena. Sare thelathini za shule zilikuwa zinamsubiri.

"Mama," mzee aliuliza siku moja, "kwani hicho kiti kina siafu?"

"Miguu tu, baba. Inakufa ganzi."

Wiki ya tatu mashine ikagoma. Akaja fundi, mtu wa makamo, mpole wa mikono lakini mdomo hauna breki. Akachomeka kifaa chake, akasoma, akapiga mluzi.

"Jamani! Jana peke yake imegeuzwa mara kumi na nne. Joto, baridi, joto, baridi. Mnaitesa hii. Nani anaigeuza?"

Mshonaji akakazana kutazama kitambaa. Uso ulimwaka, na safari hii hakujua kama ni yale yale au ni aibu.

"Ni mimi," mzee akasema. "Uzee, fundi. Vidole havitulii."

"Aa, babu nawe!" Fundi akacheka, akaeleza huku akiitengeneza: sanduku la nje ni moja kwa nyumba nzima, haliwezi kupasha chumba hiki na kupoza kile kwa wakati mmoja. Wachague. Asiyetaka joto, azime tu mashine ya chumbani kwake. Akakusanya vifaa, akaenda zake.

Mshonaji akabaki amesimama katikati ya sebule, mikono haijui pa kukaa.

"Baba, kwa nini umejisingizia? Hata rimoti huioni vizuri."

"Naiona. Na anayeinyatia namwona." Mzee akavuta blanketi, akaangalia pembeni. "Mama yenu, alipofika umri wako, aliacha kitanda akawa analala sakafuni, kwenye saruji. Nikadhani kanichukia. Sikumuuliza, naye hakusema. Tulinuniana miaka miwili bure kabisa."

Mshonaji akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Sikuulizi kitu, mwanangu," mzee akaendelea. "Nasema tu kile chumba cha nyuma kina dirisha kubwa. Cherehani inapita mlangoni?"

Ilipita, ila kwa taabu. Mzee alikataa katakata kukaa pembeni. Akashika upande mmoja wa meza ya cherehani, blanketi limemning'inia begani. Kila hatua nne walitua, huyu anatweta, huyu anafuta jasho, mpaka mshonaji akacheka kwa sauti, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu baridi ianze.

Jioni mume akaona sebule ina nafasi. "Kulikoni?"

"Mwanga," baba yake akasema, akaendelea kula.

Jumapili mshonaji alimwambia mumewe yote. Mume akauliza mbona hakuambiwa mapema.

Kuhangaika hakukwisha. Zilikuwepo siku za kuinuka mara kumi kabla ya saa sita, na sare zilichelewa siku moja. Lakini alishona dirisha likiwa wazi, upepo unampiga shingoni, na mzee huko sebuleni kwenye joto lake akiita kila baada ya muda:

"Huko vipi?"

"Baridi kali, baba!"

"Hongera!"