Picha ya Nevena

Tihomir aliapa kwamba ile kazi ni ya kunywa kahawa tu. Unafungua kompyuta, unachomeka diski mpya kando ya ya zamani, unaiamuru mashine inakili kila kitu kutoka huku kwenda kule, basi, unakaa pembeni na kikombe chako. Dada yake Dafina hakutaka hata kusikia. Kompyuta ile alikuwa ameinunua kiwanda cha nguo kilipofungwa, dude zito kama jiko la kuni, na miaka yote lilikuwa likimchapia dukani kwake karatasi za misiba za mji mzima bila manung'uniko. Ila tangu baridi ianze, diski ilikuwa ikigonga humo ndani kama mtu anayebisha hodi, na kufungua picha moja tu ilikuwa kazi ya kuchosha roho.

"Likifa lenyewe utanililia mimi," Tihomir alisema. "Bora tuhamishe vitu lingali hai."

"Hivyohivyo ndivyo ulivyosema kuhusu mashine ya kufulia ya mama."

"Ile ya mama ilikuwa imeshaoza, dada. Lete bisibisi."

Akampa, huku anasonya. Kwa Tihomir hakuna ubishi unaokwisha mpaka akubaliwe, na Dafina alikuwa na kazi nyingine za kufanya.

Kwetu mtu akifa uso wake unabandikwa getini kwake, kwenye mlango wa kanisa na kwenye nguzo za umeme, na unabandikwa tena siku ya arobaini, tena nusu mwaka, tena mwaka. Hakuna anayeibandua karatasi ya marehemu. Hiyo ni kazi ya mvua na jua, na anayeitia mkono anaonekana hana adabu wala dini. Kwa hiyo diski ya Dafina ilikuwa na nyuso za wafu wetu wote, na Jumamosi ya wiki ile ilikuwa zamu ya Nevena kutimiza mwaka.

Nevena alikuwa binti pekee wa Kera, mjane wa mtaa wa tanuri la mkate. Ugonjwa ulipomla nywele hakutaka tena kujiona, sasa wala zamani. Alichukua mkasi akajikata kwenye kila picha ya nyumbani, za simu akafuta, na mama yake akawa anaokota vipande sakafuni. Ikaponyoka moja tu, iliyokuwa kwa rafiki yake: Nevena ufukweni amekumbatia tikiti maji, nywele nyeusi zimejaa mabegani, anacheka. Kera akaileta kwa Dafina siku ya msiba, akainakili kwenye kompyuta. Baadaye akamtia binti yake picha hiyohiyo jenezani, chini ya mikono. "Mimi nimempa hiyo aende nayo," alimwambia Dafina makaburini. "Yangu ninayo kwako." Dafina akamwambia asiwe na wasiwasi, kompyuta haisahau. Alisema hivyo kwa mdomo wake mwenyewe.

Basi Tihomir akachomeka diski. Alikuwa amenunua ya kampuni ileile, kwa kuwa ile ya kwanza ilidumu, na kwenye kioo zikatokea mbili zenye majina yanayofanana kama watoto pacha. Akabonyeza, akajisifu, wakaenda kula banitsa, mkate wa jibini, ya moto kwa jirani. Waliporudi kazi ilikuwa imekwisha. Dafina akaketi, akafungua sehemu ya picha, akakuta hakuna kitu. Akadhani amekosea mahali. Akafungua tena.

"Tihomir. Watu wangu wako wapi?"

Tihomir akainama kwenye kioo, akasoma, akasoma tena. Masikio yakamwiva. "Nimenakili kinyume," alisema taratibu. "Nimechukua ile tupu nikaimwagia kwenye iliyojaa."

"Kule mji mkuu, Sofia, kuna watu wanafufua diski."

"Wanafufua iliyokufa, dada. Hii haikufa. Imefutwa kwa kuandikwa upya juu yake."

Dafina hakumtukana. Hilo ndilo lililomtisha Tihomir, maana dada yake alikuwa na matusi ya kumtosha kila mtu. Wafu wengine wana ndugu na picha zao nyumbani. Watakuja, watafoka, wataleta tena. Lakini Nevena alikuwa pale tu. Dafina akavaa koti akatoka.

Alianzia kanisani, akitafuta karatasi yake ya kunakili upya. Karatasi ya nusu mwaka ilikuwepo, mvua imeiviringisha na wino umechuruzika. Kwenye nguzo ya kituo cha basi alikuta juu ya Nevena mzee mwingine, na juu ya mzee huyo mama mwingine tena, wote kazi ya mikono yake. Akatoa kisu kidogo akaanza kukwangua. Mwanamke aliyekuwa akisubiri basi akamtazama juu mpaka chini.

"Huogopi, we Dafina? Wamekukosea nini marehemu?"

Dafina akaendelea kukwangua. Chini ya tabaka zile alipata kipande cha tikiti maji na gundi. Ilibaki moja tu mjini kote, aliyoijua tangu mwanzo na kuikwepa: ya getini kwa Kera, ndani ya mfuko wa nailoni uliokwisha kupata ukungu, chini ya upenu, mvua isikofika.

Alisimama mbele ya geti hilo, pini ya kwanza imeshalegea kidoleni, Kera alipotoka na bakuli la ngano ya kumpikia marehemu, aliyokuwa akiichambua kwa ajili ya Jumamosi.

"Umeleta ya mwaka, mwanangu? Mbona unaitoa hii?"

Dafina akamweleza, bila kupamba. Kera alisikiliza, kidole kikizungushazungusha ngano.

"Ni yeye," alisema mwishowe. "Alizikata zote. Hii nilimwibia tu. Sasa amekuja kuichukua."

Dafina angeweza kunyamaza hapo, na Kera angeingia ndani akapika ngano yake. Kwa kitambo kidogo alitamani sana iwe hivyo. "Si yeye, mama," alisema. "Ni mdogo wangu, kwenye duka langu. Nevena hajachukua chochote."

Kera akaweka bakuli chini, akazing'oa pini mwenyewe, moja moja, mbele ya mtaa, akaitoa karatasi kwenye nailoni. "Haiendi kwenye mashine yako," alisema. "Piga picha hapahapa kwa simu, nikiwa nimeishika."

Dafina akainua simu, halafu akaishusha. Mvua haikuigusa karatasi ile, lakini jua la asubuhi lilikuwa linaipiga kila siku. Kila kilichokuwa cheupe-cheupe kimeondoka: macho, mdomo, kicheko chote. Uso ulikuwa karatasi tupu. Kilichobaki ni kile kilichochapwa kwa wino mweusi sana, nywele, zimejaa mpaka mabegani.

Kera aliisogeza karatasi karibu na macho yake, akapitisha kidole gumba pembeni ya uso ambao haukuwepo.

"Piga," alisema. "Nywele zake zote zipo."