Mume wa Wodi Nzima

Kama kuna mwanamume aliyeoa akapitiliza, basi ni Bwana Fulani. Kwenye kompyuta ya wodi ya wazazi alikuwa na wake wasiohesabika, na kila asubuhi anaongezewa. Wala hakuna aliyewahi kumwona akija kumtazama mzazi.

Aliyemleta duniani ni dada mkunga. Programu ya wodi ilikataa katakata kumwandikisha mama mpaka jina la mume lijazwe, na uchungu haumsubiri mume. Mama akija peke yake, awe mjane, awe kaachwa, awe hataki tu kumtaja huyo mtu, dada aliandika "Fulani", mashine ikaridhika, kazi ikaendelea. Mpaka siku msichana mmoja alipoona kwenye kadi ya mwanawe kwamba baba ni Fulani, akalia mpaka kwikwi zikamshika. Dada akampigia simu mdogo wake.

"Wewe si ndiye fundi wa haya madude? Hebu niondolee huu upuuzi!"

Mdogo mtu alikuwa fundi kweli. Programu yenyewe ni huria: msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma, kuuchukua na kuurekebisha, na mafundi wanaoutunza kwa kujitolea hukutana kwenye jukwaa la mtandaoni. Yeye alikuwa mwanamke pekee kati ya mafundi hao, miaka nenda rudi akisafisha makosa ya wenzake bila makeke. Akatuma marekebisho: jina la mume liwe hiari. Kumbe kachokoza nyuki.

Walimpiga danadana. Mara subiri, mara si la dharura. Msimamizi wa jukwaa akaandika, "Hakuna aliyelalamika. Mbona nafasi hiyo hujazwa kila mara?" Alipomweleza ni nani anayeijaza, mmoja akamwita Kiherehere, wengine wakacheka, jina likaganda. Mwisho akapewa sharti: aombe radhi kikaoni kwa kuvuruga amani, ama anyang'anywe ruhusa ya kugusa msimbo. Jamani! Mie ningewatukana.

Siku ya kikao alikaa na kompyuta kwenye meza ya mama yao. Dada alijibanza pembeni, kamera isimwone.

"Unaogopa?" dada alinong'ona.

"Naogopa. Kazi hii nimeilea kama mwanangu."

"Basi ongea hivyohivyo na woga wako."

Nyuso za wanaume zikajaa kwenye skrini. Msimamizi akakohoa. "Tunakusikiliza, dada yetu."

"Kabla ya radhi, nisaidie kitu." Akawafungulia programu wote waione. "Niandikishe. Uchungu umenishika, na mume sina."

"Bonyeza hifadhi," msimamizi akasema akitabasamu. Ikakataa. Akabonyeza tena, ikakataa.

"Basi weka jina lolote."

"Hata lako?" Akaanza kuliandika mbele ya wote, herufi moja moja.

"We! Futa! Futa hilo jina!"

Nyuma ya msimamizi sauti ya kike ikauliza, "Jina lako limeandikwa wapi, baba watoto?"

Dada alijiziba mdomo, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mama yao hakucheka. "Mkuki kwa nguruwe mtamu," alisema kwa sauti ya kusikika huko kikaoni, "kwa binadamu mchungu."

Unadhani walibadilika? Thubutu! Msimamizi alisema kadhalilishwa, akamfutia ruhusa palepale na kumtoa kikaoni. Mdogo mtu akalia, sikufichi, alilia kwa hasira mpaka macho yakavimba. Mama alimwacha amalize.

"Si ulisema yeyote anaweza kuichukua?"

"Yeyote, mama."

"Kwani wewe si yeyote?"

Akapangusa uso. Akachukua nakala ya msimbo wote, akaondoa lile sharti la mume, na palipokuwa na jina la programu akaandika: Kiherehere.

Wodi ya dada ilikuwa ya kwanza kuitumia. Wakunga wakaambiana, wodi nyingine zikafuata. Na wanawake waliokuwa wakisoma jukwaa lile kimyakimya wakaanza kujitokeza, huyu leo, yule kesho, wakiuliza washike kazi gani. Wale wa zamani wakabaki kutunza programu isiyo na mtumiaji.

Hatimaye msimamizi akamwandikia kwa adabu zote: angependa kujiunga, na ana marekebisho kidogo ya kupendekeza.

"Karibu sana, kaka," Kiherehere akamjibu. "Yatume, tutayatazama. Si la dharura."