Sauti ya Najet na Mtego wa Sfax

Si Lamine, yaani Bwana Lamine, mkuu wa klabu, hakuinuka hata kitini. Alimwambia Najet huku akikoroga kahawa yake, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu.

"Mkishuka daraja, sehemu ya wanawake tunaifunga. Timu ya wanaume inauhitaji ule ukumbi. Usinichukie, binti yangu, ndivyo kamati ilivyoamua."

"Na tusiposhuka?"

"Msiposhuka tutazungumza."

Najet Gharsalli alikuwa na miaka arobaini na tisa, na kumi na mmoja kati ya hiyo alikuwa ameitoa kwa timu ya mpira wa kikapu ya wasichana ya Klabu ya Wafinyanzi, hapo Nabeul, Tunisia. Alikuwa amewakusanya mmoja mmoja, akiwabembeleza baba zao mlangoni na kuwalisha mkate na harisa ya pilipili baada ya mazoezi. Sasa ilibaki mechi moja. Wakishinda wanabaki ligi ya juu, wakishindwa wanashuka, na mlango unafungwa. Na mechi yenyewe ilikuwa dhidi ya Sfax, waliowafunga kwa tofauti ya pointi ishirini na tatu mwezi Desemba.

Kipigo kile kilikuwa na sababu moja, nayo ni mtego. Sfax walijipanga mmoja mbele, watatu katikati, mmoja nyuma karibu na kikapu. Walimwacha mwenye mpira avuke mstari wa kati, kwa kuwa ukishauvuka huruhusiwi kuurudisha mpira nyuma yake. Kisha walimsukumia pembeni, wawili wakamfunika, mikono juu. Hapo mbele pana mikono, nyuma pana mstari, ubavuni pana mstari mwingine. Msichana aliyenaswa hudunda mara moja, hudunda mara mbili, kisha humgeuzia mgongo kila mtu na kurusha mpira anakojua mwenyewe.

Mumewe Najet, Ridha, alikuwa ameirekodi mechi ile kwa simu akiwa nyuma ya benchi. Najet aliitazama mezani jikoni mara mbili, akasaga meno. Mara ya tatu Ridha naye akakaa, akimenya chungwa.

"Hebu niambie," akasema, "mbona yule mrefu wa Sfax anakimbia kabla mpira haujarushwa?"

"Yupi?"

"Huyo, namba kumi na mbili. Wewe ukipiga kelele tu, yeye huyoo."

Najet akarudisha nyuma. Akasikia sauti yake mwenyewe ikipasua ukumbi: "Emna! Mpe Emna!" Na kabla jina halijaisha, namba kumi na mbili alikwishaanza safari. Akarudisha tena pengine. "Emna!" Safari tena. Kila Emna alipoutoa mpira, wenzake walinaswa, wakatazama walikofundishwa kutazama tangu utotoni, yaani kwa mkubwa wao. Emna alikuwa nahodha, miaka ishirini na sita, mwenye mkono mzuri kuliko wote. Kocha akawaitia jina lake, nao wakatii. Watu wa Sfax si viziwi, walikwenda kumsubiri.

"Kumbe mtego nilikuwa nauandaa mimi," akasema Najet.

"Mimi sijasema neno," akasema Ridha, akampa kipande cha chungwa.

Walikuwa na wiki tatu. Timu ilikuwa na wasichana tisa tu, na Najet alitaka watano washambulie dhidi ya walinzi saba. Akapiga simu kwa wachezaji wenzake wa ujanani, sasa mama wa watoto, wengine na wajukuu. Jumatatu saa kumi na moja jioni wakaingia ukumbini wakiongozwa na Wassila, mwanamke mpana mwenye kicheko cha kukwaruza, kila mmoja na ufagio mkononi.

"Tumekuja kufagia," akasema Wassila. "Uchafu uko wapi? Ni hawa?"

Fagio zikainuliwa kuwa mikono mirefu ya Sfax. Najet akatangaza masharti. Mpira haudundwi hata mara moja. Ukiupokea, ukitazame kikapu, usikipe mgongo. Tazama wa mbali kwanza, wa karibu baadaye. Wakija wawili kwako, waliobaki ni watatu, na wenzako ni wanne. Basi kuna mmoja asiye na mtu, mtafute.

"Na la mwisho," akasema. "Hakuna kumtii anayeita. Akiita mwenzako, akiita Wassila, nikiita mimi. Macho yako ndiyo kocha."

"Hata wewe?" akauliza mmoja.

"Mimi hasa."

Kisha akamgeukia Emna. "Wewe utasimama katikati. Sirine ndiye atakayepandisha mpira."

Emna akashika kiuno. "Kocha, nimepandisha mpira miaka minane."

"Na Sfax wanajua hivyo tangu mwaka wa kwanza."

"Kwa hiyo nisimame pale kama nguzo ya umeme?"

"Nguzo ndiyo inayoleta taa nyumbani. Ukiwa katikati unaona kona zote mbili na kikapu. Wakikufuata, kona ni tupu. Wasipokufuata, funga. Mtu mwingine hapa hana jicho hilo."

Emna alikwenda kusimama katikati, lakini alikwenda kama anayepelekwa kwa daktari wa meno.

Taabu kubwa ilikuwa Sirine. Alikuwa na miaka kumi na minane, mwepesi, mikono salama. Lakini alilelewa na bibi yake, na mkubwa akisema "lete" yeye huleta. Wassila aligundua hilo dakika ya pili. Sirine akiwa amezingirwa na fagio mbili, Wassila akalainisha sauti: "Nipe mwanangu. Nipe, kipenzi cha mama."

Sirine akampa.

Walicheka mpaka fagio zikaanguka. "Umempa mwizi funguo!" akasema Wassila. "Na asante ungeniambia pia?"

"Kazunguke ukumbi mara tatu," akasema Najet, bila kucheka.

Sirine alizunguka sana wiki ile. Wiki ya pili alizunguka kidogo. Wiki ya tatu, Alhamisi, Wassila alimbembeleza, akamkaripia, akamtaja bibi yake. Sirine akamtazama usoni na kuurusha mpira upande wa pili kabisa, kwa mwenzake Hela, aliyekuwa peke yake kwenye kona.

"Msichana huyu hana adabu hata chembe!" Wassila akapiga kelele, kisha akambusu mashavu yote mawili.

Jumamosi ya mechi, saa tisa alasiri, ukumbi ulijaa. Kocha wa Sfax, Si Jalel, alimpa Najet mkono. Walijuana tangu ujana.

"Leo utatuimbia wimbo gani, Najet?"

"Leo koo linaniuma, Jalel."

Akaketi na kung'ata pindo la shali yake. Robo ya kwanza, namba kumi na mbili alikuwa akitupia jicho benchi ya Nabeul kila mara, kama mtu anayesubiri basi, na basi halikuja. Sirine alivuka mstari, wawili wakamjia, mpira ukawa umekwishaondoka. Ukafika kwa Emna katikati. Emna akageuka, kona, kikapu. Tena. Na tena. Mapumzikoni Nabeul waliongoza kwa pointi tisa.

Lakini Jalel hakuwa mtoto. Robo ya tatu alimwekea Emna mlinzi wa kumgandama, na wasichana wa kona wakaanza kukosa. Tisa zikawa tano, tano zikawa mbili. Najet akajisahau. Akaruka kitini: "Emna!"

Hakuna msichana wake aliyegeuza shingo. Aliyegeuka ni namba kumi na mbili, akakimbia kwa Emna, akaacha nyuma yake uwanja mtupu, na Hela akafunga pale taratibu.

"Usimsikilize mama huyo!" Jalel akamfokea mchezaji wake.

Najet akaketi, akaiuma shali upya.

Zilipobaki sekunde kumi na tisa za mechi, Sfax waliongoza hamsini na nane kwa hamsini na saba. Mpira wa Nabeul, wa kurushwa kutoka pembeni. Najet aliomba muda. Wasichana wakamzunguka, wakihema.

"Sina la kuongeza," akasema Najet. "Mnajua kazi. Nendeni."

Sirine akaupokea, akavuka mstari wa kati. Wawili wakamfunika, mikono juu. Akasimama, uso kwenye kikapu, mpira juu ya kidevu. Hapo miaka minane ikampanda Emna kichwani. Akatoka katikati mbio, mikono mbele. "Nipe, Sirine! Nipe!"

Mlinzi wa tatu akamfuata Emna mgongoni. Najet aliliona, akatamani kupiga ukelele. Alishika kiti kwa mikono miwili na kubaki pale. Sirine akamtazama nahodha wake machoni, dada mkubwa anayemwita mbele ya mji mzima, akamnyima. Akaurusha juu ya vichwa vyao mpaka katikati palipoachwa wazi, na Hela, aliyekuwa amekata kutoka kona, akaudaka akiwa anakimbia. Hatua mbili, ubao, wavu.

Sfax walirusha mpira mrefu zilipobaki sekunde tatu. Ukagonga chuma, ukatoka nje. King'ora kikalia.

Emna alimkamata Sirine shingoni. "Umeninyima!"

"Nimekunyima, dada. Ulikuja na mtu."

"Nilikuja na mtu," Emna akakubali, akacheka huku machozi yakimtoka. "Mwakani nikija hivyo ninyime tena."

Si Lamine alishuka jukwaani akipiga makofi, suti yake imefungwa vifungo vyote. "Hongera, Kocha! Mimi siku zote nilisema. Njoo wiki ijayo ofisini, tuzungumze taratibu."

Najet alikuwa anakusanya mipira. Sauti yake, aliyoitunza mchana kutwa, ilikuwa nzima kabisa, na ukumbi wote uliisikia.

"Tumekwishazungumza, Si Lamine. Mazoezi ni Jumatatu, saa kumi na moja. Waambie wanaume waje saa moja."

Akamrushia mpira mmoja kifuani. Si Lamine akaudaka, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akamsaidia kuubeba mpaka stoo.